Mwaka Uwele wa Mama Ulipochanua Ng'ambo

Tulimzika wifi yangu Paskalina kule Bashay, kwa wanawe, na mvua ilitishia tangu asubuhi ikaishia kutishia tu. Udongo uliporudishwa watu walielekea kwenye turubai kula, na mimi nikabaki kwenye kiti cha plastiki kwa sababu magoti yangu siku hizi hayanisikii. Ndipo nikamwona mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, anakuja upande wangu akiupima kila unyayo kama mtu anayevuka mto. Akasimama mbele yangu, akaniangalia, akasema, "Elizabeti, umezeeka wewe." Nikamjibu, "Na wewe je, nani kakuacha kijana?" Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Bwana Anselmi, yule wa uwele. Alistaafu zamani, amejenga Babati, na habari za msiba alizipata kwenye simu, kwenye kundi moja la watu wa kilimo ambalo mtoto mkubwa wa Paskalina naye yumo. Alipanda basi peke yake, mzee wa umri ule, kuja kumzika mwanamke ambaye hajawahi kuzungumza naye hata mara moja ana kwa ana. Nikamwita mjukuu amletee kiti. Tukakaa wawili, sahani za pilau magotini, hatuli, na kwa muda mrefu hakuna aliyeutaja uwele.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kalamu niliirudia ukubwani kwenye masomo ya jioni, kwa hiyo mtanisamehe nikienda huku na huku. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa lakini sijaolewa, na tulikuwa tunakaa chini huku uwandani, chini ya Gitting, mahali ambapo mlima Hanang unauona mzima ukiamka asubuhi kama haujajifunika mawingu. Ni miaka ile ambayo sabuni ilikuwa shida na sukari ilikuwa hadithi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, ndani giza la kupendeza, ndama upande mmoja na sisi upande mwingine. Juu ya jiko, kwenye moshi, mama alining'iniza mbegu zake. Mtama ulikuwapo, mahindi yalikuwapo, na katikati yalikuwepo masuke ya uwele, yamefungwa fungu kwa kamba ya katani, meusi kwa masizi mpaka mgeni hawezi kujua ni chakula.

Uwele ule ulikuwa na ndevu. Nasema hivyo kwa sababu uwele ninaouona siku hizi sokoni Katesh hauna, suke lake ni laini kama mkia wa paka. Wa mama ulikuwa na nywele ngumu zinazochomoza kila upande, ukiushika unakuchoma, na ndege kweleakwelea wakija kama wingu wanatua kwenye mtama wa jirani, huu wetu wanauzunguka tu wanalalamika. Tena ulikuwa mfupi, na ulikuwa na haraka. Mvua ikikatika mapema, mtama unakauka umesimama, lakini uwele wa mama umeshajaa, unavunwa. Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, jua lilipiga sana, na nyumba nyingi uwandani zilikula mizizi. Sisi tulikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, tukawagawia majirani, mpaka mama akashtuka kuona kimebaki kifungu kile kimoja tu juu ya jiko. Alikiondoa mahali pa mkono, akakipandisha juu zaidi, akasema atakayekigusa atakula na ndama.

Bwana Anselmi alikuja na gari la serikali lenye turubai nyuma. Alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi, na aliingia tembe akagonga kichwa mlangoni kama wageni wote. "Shikamoo mama." Mama akaitikia, akampa kigoda, akampa uji. Alikunywa wote akaomba mwingine, na hapo mama akampenda, maana mama aliwapima watu kwa uji. Akaeleza kazi yake. Yeye ni mtafiti, wanatafuta uwele unaokomaa haraka, wanaupandisha na uwele mwingine mrefu wenye suke kubwa wanaoutunza kituoni kwao, ili mtu wa nchi kavu kama hii apate vyote viwili. Akasema uwele asili yake ni magharibi ya Afrika, kule kwenye ukingo wa jangwa, miaka mingi sana nyuma, ukatembea na watu mpaka huku.

"Huu haukutoka jangwani," mama akasema. "Huu umetoka Singida, kwa shangazi yangu. Nilikuja nao kichwani nikiolewa."

"Ndiyo mama, lakini kabla ya shangazi..."

"Kabla ya shangazi mimi sikuwepo. Na wewe hukuwepo. Kunywa uji."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Lakini walikubaliana. Baba alikuwa na kipande cha shamba ng'ambo ya korongo, mbali na watu, na hapo Bwana Anselmi akasema ni pazuri kwa sababu hakuna mwingine mwenye uwele karibu. Angepanda wa mama upande mmoja, na ule wake mrefu upande wa pili, ukue pamoja, aulinganishe. Tatizo, akasema, uwele hautulii. Mtama unajizalia wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini uwele unatoa kwanza nyuzi nyeupe, laini, hizo ndizo za kike, na vumbi la njano linakuja siku chache baadaye. Kwa hiyo zile nyuzi zinapokea vumbi la yeyote ambaye upepo unamleta. Vumbi hilo aliliita chavua.

"Kwa hiyo uwele wangu utaolewa na huo mrefu wako," mama akasema.

"Ndiyo maana tunauvalisha mifuko, mama. Kabla nyuzi hazijatoka. Suke likiwa ndani ya mfuko linajizalia lenyewe, linabaki safi. Machache tu ndiyo tutayaozesha, kwa mkono, tukijua nani na nani."

"Mahari je?"

"Mahari nitaleta sukari."

Jambo moja ndilo lililowashinda kuelewana. Bwana Anselmi aliomba abaki na konzi moja ya mbegu, ya akiba, aipeleke kituoni. Mama alikataa. Hakuwa mchoyo, na hili nataka lieleweke. Alikuwa na mwiko wake, aliolelewa nao: mbegu ya nyumba haigawanywi kabla ya kupandwa, yote inaingia ardhini pamoja. Alisema mbegu inayoachwa kwenye moshi wakati wenzake wako udongoni inaona wivu, na wivu wake unawafuata kule shambani. Akamwahidi kwamba baada ya mavuno atachukua debe zima akitaka. Bwana Anselmi alikuna kichwa, akaangalia uji wake, akakubali. Pale msibani, pilau ikipoa magotini, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza juu ya uwele. "Ningeiba konzi moja, Elizabeti. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa na kikapu." Nilimwambia mama angejua. Akasema, "Angejua, angenitukana, na uwele ungekuwepo."

Basi tukapanda, mvua zikaja vizuri, na mimi nikapewa kazi. Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi, pamoja na wasichana wawili wa jirani. Mifuko yenyewe ilikuwa ya karatasi laini inayopitisha mwanga, mirefu na myembamba, gari lilikuja nayo imejaa maboksi. Unalitafuta suke linalochungulia tu kutoka kwenye jani lake, unalivisha, unakunja chini, unabana kwa klipu. Ukichelewa ukaona nyuzi nyeupe zimetoka, hilo limeshakwenda, unaliacha. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo kwenda korongoni hawakutuacha salama.

"Nyie, uwele unaona aibu?"

"Unaenda kanisani huo, umevaa shela!"

"Elizabeti anauvisha uwele shela, yeye mwenyewe bado hajavishwa!"

Hiyo ya mwisho ilikuwa ya mke wa Mzee Lohay, jirani yetu, na ilinichoma, lakini nilicheka. Wakati ule nilicheka kwa urahisi. Asubuhi kabla ya kwenda shambani nilikuwa nambeba mgongoni mtoto wa Paskalina, Danieli, ili mama yake akamue ng'ombe. Alikuwa bado ananyonya. Alikuwa na tabia ya kushika sikio langu akisinzia, na analivuta, sikio hili la kushoto. Paskalina alikuwa ameolewa na kaka yangu Tluway, walikaa kwenye tembe hiyohiyo upande wa ndama, na alikuwa mtu wa maneno machache, wa kuimba kidogo akidhani hakuna anayesikia.

Mtoto alishikwa na homa. Tluway alimbeba kupanda naye Gitting, kwenye zahanati, wakaambiwa dawa imekwisha, wakarudi. Asubuhi iliyofuata alionekana ana nafuu, nikambeba kidogo, nikamrudisha kwa mama yake, nikavuka korongo kwenda kwenye mifuko. Tulikuwa tumemaliza mstari wa kwanza tu. Jua lilipokuwa juu nilimwona Tluway amesimama ukingoni upande wa nyumbani. Hakuita. Alisimama tu, mikono imeshuka. Wale wasichana wawili wakaelewa kabla yangu. Waliweka mifuko yao chini, polepole, kama unavyoweka kitu kinachoweza kuvunjika, wakaondoka kwa njia ya juu bila kuniaga na bila kunigusa.

Hapa lazima nieleze, maana hata wajukuu wangu wananiuliza kama natunga. Kwetu zamani, akifa mtoto anayenyonya, nyumba ile inafungwa. Inaitwa meeta. Hamtoki, hamwingii kwa mtu, hamtumii njia ya wote wala maji ya wote, hamshiki cha mtu wala mtu hashiki chenu, mpaka wazee waseme imetosha na mtakaswe. Siyo adhabu. Watu walikuwa wanaogopa kifo kile kisihame kwenda kwa mwingine, na wewe mwenyewe uliogopa hivyohivyo, usingependa kumpelekea jirani. Na siku za mwanzo ndizo nzito kuliko zote. Baba alikuwa Mkristo, alikaa benchi la mbele kila Jumapili, lakini mambo ya kifo hakuyapeleka kanisani. Na mimi sikuwa na njia ya kusema niko nje. Nililala mle ndani, nilikula chungu kimoja nao, nilimbeba marehemu asubuhi ileile. Bwana Anselmi alikuwa upande wa pili wa shamba akihesabu majani, hajui kitu. Nilivuka korongo kurudi nyumbani, na nilijua ninapovuka kwamba sitavuka tena.

Bwana Anselmi alikuja kesho yake. Hakuruhusiwa kufika, kwa hiyo alisimama ng'ambo, na baba alisimama huku, na maji kidogo yanapita katikati, wakawa wanapiga kelele. Mpaka leo nikikumbuka, sijui nicheke au nilie, maana mtu anapiga kelele ya pole.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba!"

"Poleni sana na msiba!"

"Tumeshapoa! Ahsante!"

Ng'ombe walikuwa wanakunywa maji chini kidogo.

"Mzee! Masuke yanatoka! Yanatoka yote kwa pamoja! Namwomba Elizabeti tu, siku chache!"

"Haiwezekani, mwanangu!"

"Nitakuja kumchukua kwa gari, asikanyage njia!"

"Na gari litapita wapi, juu?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni, na mama nyuma yangu, na nyuma ya mama, gizani, Paskalina. Korongo lilikuwa karibu, kila neno lilifika. Baba akasema tena, safari hii si kwa ukali, "Sina namna, Bwana. Ingekuwa ni mimi tu ningekupa hata shati langu. Lakini hii si yangu." Na kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya watu wote, na wote walikuwa wanatuonea huruma, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuinyanyua.

Ndipo Bwana Anselmi akaamua kuifanya kazi ile mwenyewe, yeye na dereva. Tuliwaona kutoka nyumbani, wawili tu kwenye shamba lile, wanahangaika na klipu. Dereva alikuwa anabana majani pamoja na suke. Haikuchukua muda Mzee Lohay akatokea na fimbo yake, akasimama kwenye mpaka wa shamba, hakukanyaga ndani. Yeye hakupiga kelele, kwa hiyo maneno yake sikuyasikia siku ile. Niliyasikia kwa Bwana Anselmi mwenyewe, pale Bashay, baada ya miaka yote hii. Mzee Lohay alimwuliza, "Kijana, una mashamba mangapi ya majaribio huku uwandani?" Akamtajia. Mzee akasema, "Hilo shamba ni la watu waliofungwa. Ukitoka humo ukaenda kwenye hayo mengine, hakuna atakayekupa maji. Na mbegu zako hakuna atakayezipokea, si mwaka huu wala mwakani. Mimi sikukatazi. Nakuambia kwa sababu ulikunywa uji kwa Lohay pia." Bwana Anselmi alisema huyo mzee alikuwa na machozi. Mimi niliona tu dereva anatoka haraka anajipangusa mikono kwenye majani, na Bwana Anselmi anamfuata nyuma, anakaa kwenye gari mlango wazi, miguu iko chini, kofia juu ya goti. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha gari kikavuka barabara. Kisha wakawasha.

Na sisi tukabaki tunaangalia. Kama ungekuwa uwele wa mbali, usioonekana, labda ingekuwa nafuu. Lakini mlango wa tembe yetu ulikuwa umelitazama shamba lile moja kwa moja. Asubuhi nilikuwa natoka kumwaga majivu na naona masuke ya mama yametoa nyuzi, ule weupe kama ukungu mdogo juu yake, na upande wa pili ule mrefu wa kituoni umeshaanza kutoa vumbi. Upepo wa huku uwandani unaamka saa nne. Ulikuwa ukiamka, ule mrefu unainama wote pamoja, na kwenye jua unaliona vumbi, unaliona kabisa, linakwenda upande wa wetu bila haraka. Mama aliniuliza, "Ndiyo hilo?" Nikasema, "Ndiyo hilo." Akaingia ndani akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nilijua kazi ile. Mikono yangu ilikuwa inaijua, ilikuwa inakunja na kubana hewani nikiwa nimekaa. Hata kama ningekuwa na mikono kumi, isingevuka korongo.

Ndani ya nyumba, mtoto hakutajwa. Hiyo nayo ilikuwa desturi, jina linaachwa. Sasa mtu mwenye huzuni lazima aiweke mahali, na kwa kuwa jina lilikatazwa, baba na mama walizungumza uwele. Jioni ugali ukiiva, mama anakaa kwa jiko, anaangalia juu kule pasipo na kitu, anasema, "Ingechelewa wiki moja tu. Wiki moja tu tungekuwa tumemaliza mifuko." Baba anasema, "Nyamaza, anasikia." Mama anasema, "Nimesema nini? Nimesema uwele." Na ukuta uliotutenga na upande wa ndama ulikuwa wa fito na udongo, una nyufa ambazo hata mwanga wa moto ulipita. Paskalina alikuwa huko. Maziwa yalikuwa yanamjaa, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea vitambaa vya kujikamulia, kisha tunafukia kwenye majivu. Jioni moja, bado nimeushika mkono wake, mama akasema tena habari ya wiki moja. Paskalina hakulia. Aliniangalia tu, akanong'ona, "Wanaulilia uwele, wifi." Nilitaka kumwambia kwamba hawaulilii uwele. Nilikuwa msichana, sikujua maneno hayo yanaanzaje. Nilikunja kitambaa.

Baadaye wazee walilegeza kidogo. Hata aliyefungwa lazima ale, wakasema tuvuke alfajiri kuvuna, kabla ng'ombe hawajashuka, turudi bila kuonana na mtu. Tulivuka. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha wiki zile zote na ule mstari mmoja tuliouwahi ulikuwa bado umevaa mifuko yake, imekunjamana, imeshika rangi ya chai. Hiyo mifuko inatakiwa kuvuliwa mapema baada ya uchavushaji, suke lipate hewa. Nani angeivua? Ng'ambo ya pili ya shamba, mbali, kulikuwa na gari. Bwana Anselmi alikuwa ameambiwa siku, alikuwa amesimama nje ya mpaka kama alivyofundishwa. Mama alivua mfuko wa kwanza, akautikisa, ukatoka unga mweusi. Akavua wa pili. Wa tatu sikuangalia. Alipofika mwisho wa mstari alilikata suke moja, akalinyanyua juu kwa mkono mzima ili yule kijana alione kutoka kule, likiwa limeoza mpaka ndevu. Bwana Anselmi alivua kofia. Mama aliliweka suke chini akaanza kuvuna yale yasiyovaa, yaliyojaa vizuri tu, mazuri kwa macho.

Uwele ule tuliula. Tulipotakaswa, mwaka uliofuata, tulipanda mbegu yake, ukaota kila mmoja na tabia yake. Mwingine mrefu, mwingine mfupi, mwingine ndevu upande mmoja kama mzee asiyejua kunyoa. Mama alichagua wenye ndevu, akapanda, akachagua, akapanda, miaka. Bwana Anselmi alimsaidia mpaka akahamishwa. Ndevu zilibaki. Haraka ndiyo iliyoondoka, haikurudi, na mvua ilipokatika mapema tena, uwele wa mama ulikauka umesimama kama mtama wa watu. Nilimwuliza pale msibani kama kuna mahali pengine ulipobaki. Nimesikia kwenye redio siku hizi kuna nyumba za baridi wanakohifadhi mbegu za kila pembe. Akasema zipo, ameingia humo, ameona pakiti za uwele zimepangwa kutoka chini hadi juu, za Dodoma, za Singida, za nchi ambazo hajafika. "Nilitafuta, Elizabeti. Wenu haupo." Siku hizi wataalamu wanasema uwele una madini ya chuma, unafaa kwa mama aliyejifungua. Mjukuu wangu anausaga Katesh, anauchanganya kwenye unga wa lishe, anauza kwenye vifuko vyenye picha ya mtoto mnene. Nakunywa. Ni mzuri. Sina kosa la kuupa.

Paskalina na Tluway walihamia Bashay mara tu tulipotakaswa, kule juu kwenye ubaridi ambako uwele haupandwi. Alizaa wengine, wote wazima, wamesoma. Kaka alitangulia. Tulitembeleana sikukuu kwa sikukuu, tulicheka, tuligombana habari za kuku, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuutaja mwaka ule, na mimi nilidhani umemwacha.

Alipougua nilikwenda kumwuguza. Chumba kilikuwa cha bati, kina dirisha la vioo, mchana jua linaingia mpaka kitandani, na jirani alikuwa na redio. Nilikuwa namlisha uji, wa mahindi, kijiko kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu kidogo.

"Wifi."

"Abee."

"Danieli angeishi wiki ile moja, mngemaliza mifuko?"

Sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwake tangu siku ile. Nilikoroga uji. Nikasema, "Tusingemaliza, wifi. Masuke yalitoka mengi kwa pamoja."

"Mlikuwa wasichana watatu."

"Hata hivyo. Mifuko yenyewe ilikuwa michache."

Alitabasamu, siyo kwa ubaya. "Gari lilijaa mifuko. Niliyaona maboksi, nilikuwa mlangoni na mtoto."

Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilitafuta neno lingine, la upepo, la mvua, lolote, na kila nililolishika alikuwa analijua kunizidi. Kaishi nalo.

"Haya," akasema. "Nipe uji."

Nikampa. Aliushika mdomoni muda mrefu, hamezi, na mimi nimekaa na kijiko mkononi.